Fasili na Shahidi

Mtu aliyekwisha kujifunza Kiingereza cha kumtosha kuuza na kununua, kuwasalimu wageni, kusoma tangazo la mlangoni na kufuata habari za mpira, hufika mahali ambapo lugha hiyo, iliyokuwa ikimfungulia milango kwa wepesi, humfungia ghafla. Kwani kitabu cha sheria, ripoti ya daktari, tahariri ya gazeti la London au la Nairobi, na karatasi ya mtihani wa kidato cha sita, vyote huandikwa kwa maneno yasiyosikika sokoni wala uwanjani. Katika Tanzania taabu hii humfika kijana mapema zaidi, maana yule aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huingia kidato cha kwanza akakuta masomo yale yale yamehamia katika lugha nyingine. Dawa ambayo karibu kila mwanafunzi hujitungia mwenyewe, bila ya kufundishwa na mtu, ni daftari lililopigwa mstari katikati: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili. Sura hii inakusudia kueleza kwa nini daftari hilo, pamoja na bidii yote inayotiwa ndani yake, halimfikishi mwenyewe mbali, na kwa nini watungaji wa kamusi, baada ya kazi ya zaidi ya karne tatu, waliona kwamba neno gumu huhitaji vitu viwili pamoja ili lijulikane: fasili ya kulieleza na sentensi ya kulishuhudia.

Tulitazame neno “notorious”. Mwanafunzi amelikuta katika habari ya mtu ajulikanaye na watu wote, akafungua kamusi ndogo ya mfukoni, akaambiwa kuwa maana yake ni mashuhuri. Basi akaliandika, akalihifadhi, na siku ya kuandika insha juu ya mwalimu mkuu wa shule yake, kwa nia njema na heshima tupu, akasema kuwa mwalimu huyo ni “notorious” katika wilaya nzima. Kwa Mwingereza asomaye insha hiyo mwalimu amekwisha kutukanwa, kwani neno hilo husemwa juu ya jambazi, mlaghai, gereza la mateso au barabara ya ajali. Ni umashuhuri wa ubaya. Kamusi ya mfukoni haikusema uongo, maana mtu wa namna hiyo kweli ni mashuhuri. Ilinyamaza tu juu ya nusu ya pili ya maana, na nusu hiyo ndiyo yenye sumu. Lau mwanafunzi angaliona sentensi mbili tu, moja ya mwizi wa benki na moja ya njia panda inayoua watu, asingalihitaji kuonywa na mtu.

Asili ya ugumu huu ni ya zamani. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na kwa vizazi vingi baadaye wafalme na mabwana wa nchi hiyo walisema Kifaransa, makasisi na wanazuoni waliandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya wakulima, wachunga kondoo na watumishi wa jikoni. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria ya kuamuru mashauri ya mahakamani yasemwe kwa Kiingereza kwa sababu Kifaransa hakikueleweka na watu, na sheria hiyo yenyewe, desturi ilivyo na nguvu, iliandikwa kwa Kifaransa. Katika karne ya 16 na ya 17 wanazuoni waliopenda vitabu vya kale wakaingiza tena shehena ya maneno ya Kilatini na Kiyunani. Ndivyo Kiingereza kilivyopata tabaka tatu za maneno juu ya jambo moja: mtu wa kawaida atasema “ask”, neno la wenyeji wa tangu zamani; mwenye shaka atasema “question”, lililopitia Ufaransa; na afisa wa polisi atasema “interrogate”, lililotolewa katika Kilatini kama lilivyo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangazwa na habari hii, kwa kuwa lugha yake imefanyiwa vivyo hivyo na Kiarabu. Mtoto humwuliza mama yake chakula kiko wapi. Mwandishi wa habari humhoji waziri. Jopo la waajiri humsaili aombaye kazi. Hakuna msemaji wa Kiswahili awezaye kusema kuwa mtoto alimsaili mama yake chakula kiko wapi bila ya kuchekwa, na hata hivyo ukimtaka msemaji huyo akufasilie kuuliza, kuhoji na kusaili, aghalabu atakupa maelezo yanayolingana karibu neno kwa neno. Tofauti anaijua, ila kuieleza hawezi. Ameipata wapi basi? Ameipata katika maelfu ya sentensi alizozisikia tangu utotoni, kila moja ikiwa na watu wake, mahali pake na sababu yake ya kusemwa. Ujuzi wa namna hiyo ndio anaoukosa katika Kiingereza, na hakuna orodha ya maana iwezayo kumpa.

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilichapishwa mwaka 1604 na Robert Cawdrey, mwalimu wa shule aliyekuwa pia kasisi. Ilikuwa na maneno kama 2,500, na kusudi lake lilikuwa ni kuwasaidia watu wasiosoma Kilatini, hasa wanawake, waelewe maneno magumu waliyokutana nayo katika vitabu na katika mahubiri. Kila neno gumu liliwekewa neno jepesi moja au mawili ubavuni mwake, pasipo sentensi hata moja ya kuonyesha matumizi. Kwa maneno mengine, Cawdrey alilipeleka mtamboni daftari la mwanafunzi wetu. Kwa zama zake kazi hiyo ilikuwa na faida, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa Waingereza waliokwisha kulisikia neno likisemwa kanisani na waliohitaji tu kuthibitishiwa maana. Lakini desturi ya kufasili neno gumu kwa neno jepesi linalofanana nalo ilidumu, ikahamia katika kamusi za wageni, ambako haina msikivu wa kuikamilisha.

Aliyeleta mabadiliko makubwa katika Uingereza alikuwa Samuel Johnson. Mwaka 1746 alifanya mapatano na wauza vitabu wa London, akaajiri wasaidizi sita, akafanya kazi darini kwake katika nyumba ya Gough Square ambayo ingali imesimama hadi leo, na mwaka 1755 akatoa mabuku mawili yenye maneno zaidi ya 42,000. Fasili zake nyingi ni za ustadi wa hali ya juu, lakini nyingine huonyesha kasoro iliyomo katika fasili kwa tabia yake: alipotaka kueleza neno jepesi la wavu uliosukwa, “network”, alitumia maneno ya Kilatini mazito kiasi kwamba aliyekuwa hajui wavu asingeujua, na aliyekuwa anaujua angeusahau. Hakuna haja ya kumcheka. Kila neno lazima lifasiliwe kwa maneno mengine, na kadiri neno linavyokuwa la kawaida ndivyo maneno ya kulifasili yanavyokuwa adimu. Johnson mwenyewe alitambua upungufu huo, na kwa hiyo chini ya fasili zake alipanga dondoo zipatazo 114,000 kutoka kwa Shakespeare, Milton, Dryden, Biblia na wengineo, ili msomaji alione neno likiwa kazini mikononi mwa mabingwa.

Watu wa Mwambao wenye kusoma Kiarabu watalitambua jambo hili mara moja, maana wanazuoni wa Kiarabu walikuwa na jina lake tangu zamani za mbali. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Omani na mkazi wa Basra, aliyeishi karne ya nane, alianzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, akaipanga kwa mahali zinapotokea sauti, kuanzia kooni hadi midomoni; na katika kamusi hiyo na zote zilizoifuata, ubeti wa shairi au aya iliyoletwa kuthibitisha matumizi ya neno huitwa shahidi. Jina hili linanipendeza kuliko jina la mfano. Mfano unaweza kubuniwa na yeyote ili kupamba maelezo yaliyokwisha kutimia bila ya huo mfano. Shahidi huitwa kwa kuwa bila yake shauri halikatiki. Neno likidai kuwa na maana fulani, na aletwe mtu aliyelitumia kwa maana hiyo.

Kazi hii ya kukusanya mashahidi ilifikia upeo wake katika kamusi ya Oxford, iliyopendekezwa katika jumuiya ya wanalugha ya London mwaka 1857, ikakabidhiwa James Murray mwaka 1879, ikaanza kutoka kwa vipande mwaka 1884, na ikakamilika mwaka 1928, miaka kumi na mitatu baada ya Murray kufariki. Wasomaji wa kujitolea, katika Uingereza na Marekani, walinakili sentensi kutoka vitabu vya kila namna kwenye vipande vya karatasi na kuvituma kwa posta, hata kamusi ilipomalizika ikawa imechapisha dondoo kama 1,800,000 kwa maneno zaidi ya 400,000. Ni hazina isiyo na mfano, lakini kwa mgeni anayejifunza lugha haifai sana, kama vile maktaba nzima isivyomfaa anayetafuta ukurasa mmoja.

Waliomfikiria mgeni walikuwa walimu waliofundisha mbali na kwao. Michael West, aliyekuwa Bengal wakati wa utawala wa Waingereza, aliwaona vijana wakihangaika na kamusi zilizoeleza neno moja lisilojulikana kwa matatu yasiyojulikana, akatafuta namna ya kuvunja duara hilo. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi ambayo fasili zake zote ziliandikwa kwa maneno 1,490 tu yaliyochaguliwa kwa uangalifu, na kwa maneno hayo machache wakafasili maneno na misemo ipatayo 24,000. Maana yake ni kwamba aliyekwisha kujua yale 1,490 aliweza kuingia popote katika kamusi bila ya kupotea. Mwaka 1953 West alitoa orodha mashuhuri ya maneno kama 2,000 yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiingereza, na mwaka 1978 kamusi ya Longman ikaifanya njia hiyo kuwa kanuni yake, ikifasili kila kitu kwa maneno yapatayo 2,000. Fasili nyepesi ina gharama yake: huwa ndefu, na mara nyingine hukwaruza uso wa maana bila ya kuuchimba. Hata hivyo naiona gharama hiyo kuwa ndogo. Fasili isiyoeleweka haina faida kwa mtu yeyote, hata iwe sahihi namna gani.

Mwenziwe West katika fikra hizi, A. S. Hornby, alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, akajiunga na kazi ya Harold Palmer, aliyekuwa ameanzisha Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Hornby aliona kwamba wanafunzi wake walijua maana ya maneno mengi na hata hivyo hawakuweza kuyapanga. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield akatunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zilipokuwa vitani, na mwaka 1948 ikachapishwa tena na Oxford kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima. Ndiyo ile ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiijua kwa jina la Hornby au la Oxford. Jambo kubwa alilolifanya ni kuonyesha, kwa mifumo 25 ya vitenzi na kwa sentensi fupi zilizotungwa kwa kusudi hilo, kila kitenzi kinataka kufuatwa na nini, na kila jina linahesabika au halihesabiki.

Faida ya kazi hiyo kwa msemaji wa Kiswahili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sarufi ya Kiswahili ina ukarimu ambao Kiingereza hakina. Sisi husema nieleze, na kitenzi humpokea mtu ndani ya tumbo lake bila ya kutaka kiungo chochote. Basi kijana wetu husema kwa Kiingereza “explain me”, akijua barabara kuwa “explain” ni kueleza, na bado amekosea, maana kitenzi hicho humtaka mtu aje nyuma na “to”. Husema “suggest me to go”, kwa kuwa sisi hupendekezeana. Husema “advices” na “furnitures”, kwa kuwa kwetu shauri likizidi huwa mashauri, na samani huhesabiwa moja moja. Katika makosa haya yote fasili haina hatia, na fasili bora kuliko zote duniani isingeyazuia. Sentensi moja sahihi, iliyosomwa kwa sauti mara kadhaa, huyazuia.

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya udhaifu wa fasili haukutoka kwa wageni, bali kwa watoto wa Kimarekani waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Mwaka 1987 George Miller na Patricia Gildea waliandika katika jarida la Scientific American juu ya watoto wa shule waliopewa maneno wasiyoyajua, wakaambiwa wayatazame katika kamusi, kisha watunge sentensi. Mtoto mmoja alisoma kwamba “erode”, yaani mmomonyoko unavyofanya kwa ardhi au kutu kwa chuma, ni kula kidogo kidogo hata kumaliza, na akakuta hapo maneno mawili, “eat out”, ambayo kwa Mmarekani huweza pia kuwa na maana ya kula hotelini. Akaandika kwamba familia yao hufanya hivyo mara nyingi. Mwingine aliyesoma kwamba “stimulate” ni kuchochea aliandika kuwa bibi fulani aliichochea supu. Wa tatu aliambiwa kuwa “meticulous” ni mwenye kuangalia sana, akasema alikuwa hivyo asije akaanguka genge. Watoto hawa hawakuwa wajinga wala wavivu. Walifanya kwa uaminifu lile walilofundishwa: walichukua kipande cha fasili walichokielewa, wakatunga sentensi yenye kipande hicho, kisha wakakiondoa na kuweka neno jipya mahali pake. Fasili iliwapa ruhusa, na hapakuwa na shahidi wa kuwazuia.

Mwalimu yeyote wa Afrika Mashariki aliyesahihisha madaftari anazijua sentensi za aina hii, na aghalabu huzitia alama nyekundu na kupita, akidhani kuwa mwanafunzi hakusoma. Kumbe amesoma kupita kiasi. Alichokisoma ndicho kilichompoteza.

Jibu la sayansi lilipatikana mwaka ule ule wa 1987 katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako John Sinclair na wenzake walikuwa wamelisha kompyuta maandishi ya Kiingereza yenye mamilioni ya maneno, kutoka magazeti, vitabu na mazungumzo, ili waweze kuita kwa mara moja kila sentensi iliyotumia neno fulani na kuzipanga zote pamoja, neno hilo likiwa katikati na majirani zake kushoto na kulia. Mwanaisimu J. R. Firth, miongo kadhaa kabla yake, alikuwa amefundisha kwamba neno hujulikana kwa masahibu wake; sasa masahibu hao walionekana kwa macho. Sinclair alitambua, mathalani, kwamba “set in”, ambalo kwa fasili ni kuanza na kudumu, karibu daima hufuatana na mambo ya kuchukiza: kuoza, maambukizo, kukata tamaa. Hakuna kamusi iliyokuwa imelisema hilo, wala hakuna Mwingereza aliyekuwa akilijua kwa kulitamka, ijapokuwa kila mmoja wao alikuwa akilifuata. Kamusi waliyoitoa, COBUILD, iliacha mtindo wa kale wa fasili iliyokatwakatwa, ikaeleza kila neno kwa sentensi kamili, kwa namna ile ile ambayo mzee wa kwetu humweleza mjukuu: mtu akiambiwa kuwa ni bahili, maana yake ana mali lakini hataki kuitoa. Katika fasili ya namna hii neno limekwisha kuonekana likiishi kabla hata ya kufikia mfano.

Palizuka basi ubishi baina ya wafuasi wa Hornby, waliotunga mifano yao wenyewe ili iwe mifupi na safi, na wafuasi wa Sinclair, walioshikilia kwamba sentensi isiyowahi kusemwa na mtu si ushahidi. Mimi naona kila kundi lina haki yake kwa mwanafunzi wake. Anayeanza atazamishwa na sentensi ya gazeti yenye majina ya watu wasiojulikana na mambo matatu kwa pamoja. Afadhali apewe sentensi ya kutungwa iliyo wazi. Lakini aliyekwisha kufika kwenye maneno magumu, ambaye ndiye ninayemwandikia sura hii, hana budi kutafuta sentensi za kweli, kwa kuwa ugumu wa maneno hayo umo katika hadhi yao, harufu yao na mahali pao, na mambo hayo hayawezi kubuniwa mezani.

Tujaribu neno moja kwa utaratibu: “mitigate”. Kwanza, fasili nyepesi kwa Kiingereza, si tafsiri: “to make something bad less severe”, yaani kulifanya jambo baya lipungue ukali. Hapo hapo yapo maneno mawili ambayo daftari la safu mbili lingeyaangusha lilipoandika kupunguza, nayo ni jambo baya. Pili, mashahidi. “Planting trees along the shore mitigates the damage caused by storms.” “The judge heard that the boy was an orphan and treated this as a mitigating circumstance.” “Nothing could mitigate the grief of the widow.” Sentensi hizi nimezitunga ili zitoshe hapa, msomaji azitafute zake katika taarifa za mabadiliko ya tabianchi na hukumu za mahakama, ambamo neno hili limejaa. Tatu, masahibu waorodheshwe: madhara, hatari, hasara, athari, huzuni, adhabu. Nne, na hili ndilo lililo na faida zaidi na linalorukwa zaidi, lijaribiwe mahali lisipofaa. Mshahara hupunguzwa, bei hupunguzwa, chumvi katika mchuzi hupunguzwa, na hakuna hata kimoja kiwezacho kuwa “mitigated”, kwani chumvi si msiba. Mwisho, mwanafunzi atunge sentensi yake mwenyewe juu ya jambo analolijua kwao, la mafuriko au la ugonjwa wa mihogo, na aitoe kwa mtu ajuaye aisahihishe. Neno lililopitishwa katika hatua hizi limekwisha kujulikana. Lililobaki ni lisisahauliwe.

Juu ya kusahau, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akihifadhi silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na kwamba kurudiarudia kwa nafasi hushinda kukesha usiku mmoja. Hilo limekuwa msingi wa kadi na programu za simu zinazouliza maneno kila baada ya siku kadhaa, nazo ni vyombo vyema. Lakini na tukumbuke kwamba alizihifadhi silabi zisizo na maana kwa makusudi, na neno lililoandikwa kwenye kadi pasipo sentensi liko karibu sana na silabi hizo. Upande wa nyuma wa kadi na uandikwe sentensi yenye pengo, ili kila ukumbusho uwe pia matumizi.

Kuhusu idadi, hesabu za Paul Nation wa New Zealand zinaonyesha kwamba asomaye riwaya au gazeti la Kiingereza bila ya msaada huhitaji kujua kama familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, familia ikiwa ni neno pamoja na yale yanayonyumbuka kutokana nalo. Idadi hiyo huogofya, lakini hakuna haja ya kuianza popote tu. Averil Coxhead, pia wa New Zealand, alikusanya mwaka 2000 familia 570 zisizokuwamo katika zile 2,000 za West, ambazo peke yake huchukua takriban sehemu ya kumi ya maandishi ya kitaaluma. Mwanafunzi wa kidato cha tano na aanze na hizo. Zile za fahari, ambazo hupendwa na wahutubu na kukusanywa kwa sababu ya urefu wake, zingoje. Kwani Mwingereza msomi mwenyewe huzitumia kwa nadra, na mgeni anayezimwaga katika barua ya kuomba kazi huonekana kama amevaa joho la harusi kwenda shambani.

Kwa walimu wa Kiingereza wa shule zetu ninalo ombi. Mtihani wa maneno usiwe tena wa kuoanisha orodha mbili, kwa kuwa mtihani huo hupima daftari na humpa alama kamili yule atakayemwita mwalimu wake “notorious”. Mwanafunzi akiulizwa neno, atakiwe kuandika sentensi mbili: moja ambamo neno hilo linafaa, na nyingine ambamo halifai hata kama fasili inaliruhusu, pamoja na sababu yake kwa lugha yoyote aiwezayo, Kiswahili kikiwamo.